Tisa Waliokwama Kwenye Kabati la Chuma

Saa nne asubuhi, mvua inanyesha Isongole. Tulinagwe Ambindwile anashuka kwenye bodaboda, koti likichuruzika maji. Begini ana waya wa mtandao, bisibisi na viazi viwili vya kuchemsha.

Shule ya sekondari iliyomwita inasajili watahiniwa wa kidato cha nne, na usajili unafungwa saa kumi jioni. Wanafunzi tisa bado. Mfumo unafunguka kwa kusuasua, kisha unakwama.

“Nikibonyeza, kiduara kinazunguka tu. Hawa tisa wakikosa kusajiliwa, nitawaambia nini wazazi wao?” anasema Mwalimu Erasto wa taaluma.

Tulinagwe (29), fundi wa mtandao na mkazi wa Ibighi, amezoea kilio hiki. Anahudumia shule kumi na nne, na nyingi humpokea zikiwa zimeshamlaani mwenye mnara wa simu. Yeye halaumu mtu kabla ya kupima.

Anauliza kifaa cha intaneti kiko wapi. Karani, Bi Winfrida, anafungua fundo la kanga, anatoa funguo na kufungua kabati la chuma. Kifaa kimo humo, nyuma ya mafaili, kimefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya sebuleni.

“Mwaka jana paa lilivuja, mwanangu. Na wezi je? Mimi nilikitunza,” anajitetea.

“Umekitunza mno, mama,” Tulinagwe anacheka. Anaunganisha kifaa na kompyuta kwa waya. Ukurasa unafunguka papo hapo. “Mtandao ni mzima. Hiki chuma ndicho kinachoyazuia mawimbi yasimfikie Mwalimu.”

Hamkaripii, na kwa hilo tu unampenda.

Kifaa kinahamia kwenye rafu ya mbao, mbali na panapovuja. Kitambaa, Bi Winfrida anakitandika mezani kwake. Saa nane mchana jina la tisa linaingia. Mwalimu Erasto anavua miwani na kuifuta kwa muda mrefu.

Sasa Tulinagwe anapanga kuwafundisha makarani wa shule zake zote kupima wenyewe kwa waya, akianzia Masukulu likizo ijayo.

“Natamani nimalize hata wiki moja bila kupigiwa simu,” anasema.

“Ndaga fijo, mwanangu, asante sana,” anajibu Bi Winfrida, akimsindilia ndizi begini. “Lakini yangu utapokea. Nitakupigia siku matokeo ya hawa tisa yakitoka.”