Vifaranga wa Arlys Hawafi

Kwa miaka ishirini na sita niliyokaa nyuma ya kaunta ya posta ya Ashby Grove, sijaona kifaranga hata mmoja wa Arlys Eilers aliyefika amekufa. Wa mke wa mchungaji wamekufa. Wa kina Harms wamekufa, mwaka mmoja watano kwa mpigo. Wa LaVonne Ubben, Mungu amrehemu, walikufa karibu kila mwaka. Lakini wa Arlys, waliosafiri ndani ya boksi lile lile, kwenye lori lile lile, wakipumua kwa matundu yale yale, wote walifika wazima. Ukimuuliza siri yake, atakwambia ni sala.

Kiwanda cha kutotolesha hakitumi vifaranga chini ya ishirini na watano. Wakiwa wachache hawapati joto la kubanana, wanakufa njiani. Sasa huku kwetu nani anataka ishirini na watano? Watu wanataka sita, wanataka kumi, wapate mayai ya nyumbani na ya kumpa binti aliyeolewa mbali. Kwa hiyo majirani huagiza pamoja kwa jina la mtu mmoja, na mtu huyo, tangu mwaka wa sitini na moja, ni Arlys. Hakuna aliyemchagua. Alijipa kazi hiyo mwenyewe, kama alivyojipa funguo za jiko la kanisa na mamlaka ya kusema nani akate keki kwenye chakula cha matanga.

Mwezi wa pili, theluji ikiwa bado magotini, huzunguka na pikapu ya mumewe akikusanya vikaratasi vya oda. Mumewe, Gaylord, ni mtu wa nguruwe na kimya. Sidhani kama nimemsikia akimaliza sentensi tangu aoe. Arlys huingia jikoni kwa watu bila kubisha hodi, hunywa kahawa yao, husema ni nyepesi, kisha hutoa amri.

"Wote tuagize wekundu," husema. "Aina moja tu. Mkianza kunichanganyia weupe na wenye madoadoa mtanitia wazimu."

Wote wanaagiza wekundu. Ilinichukua miaka minne kuelewa kwa nini rangi moja inamfaa kiasi hicho.

Boksi linapofika, posta humpigia simu mwenye jina juu ya boksi, yeye peke yake. Arlys huja alfajiri, tunalifungua pale kaunta, tunahesabu waliokufa, natia sahihi kwenye fomu ili kiwanda kifidie. Kisha hutoa maboksi ya viatu kwenye begi lake na kuanza kugawa. Wa kwanza kuhesabiwa ni wake, ishirini, anaowachagua mmoja mmoja kwa kuwapuliza mkiani aone kama wamechangamka. Halafu wale wa nyongeza, maana kiwanda hutia wawili watatu wa bure kufidia vifo. Hao pia ni wake, kwa ajili ya usumbufu. Wanaobaki ni wa wengine, na maiti ni za wengine. Huzipeleka nyumba kwa nyumba ndani ya maboksi ya viatu, na uso wa huzuni juu. "Pole mama, wako wawili hawakufika." Nani angebisha? Kifaranga mwekundu wa siku moja hana jina.

Mimi nilikuwa nikiyaona yote hayo na kunyamaza. Sifugi kuku, naishi chumba cha juu ya duka la vipuri, na mfanyakazi wa posta hafundishwi kusema mambo ya barua za watu. Nilimdharau kimoyomoyo, na niliwadharau na majirani zangu pia, watu wazima walioibiwa mchana kweupe kila mwaka na bado wakamshukuru kwa kumletea bakuli la viazi vya kuoka. Nilijiona ndiye mwenye macho peke yangu katika kata nzima.

Kuna wanaomtetea. Husema alilelewa kwa shida, baba yake alinyang'anywa shamba na benki, watoto saba kitanda kimoja. Mimi nasema ilikuwa miaka ya thelathini. Sote tulilala saba kitanda kimoja. Dada yangu alivaa viatu vya kaka yetu mpaka kipaimara, na hajawahi kuiba mkate wa nyama kwenye msiba wa mtu. Arlys huiba. Hufunga mikate kumi na miwili kwenye foili kabla mwenye msiba hajakaa, akisema isije ikaharibika. Kwenye msiba wa LaVonne Ubben, Desemba iliyopita, aliondoka na keki nzima ya ndimu, na sahani ya marehemu ilikuwa chini yake.

Mume wa LaVonne ni Vernon, miaka sabini na minane, mrefu, mgumu wa masikio. Wiki sita baada ya mazishi, kicheche aliingia kwenye banda lao na kuua kuku wote wa LaVonne, usiku mmoja. Vernon aliwakuta asubuhi. Tangu siku ile akawa anakuja posta kila siku, ingawa hana wa kumwandikia barua.

"Binti yangu anataka nikakae kule Waterloo, kwenye nyumba ya wazee," aliniambia mwezi wa tatu. "Anasema, 'Baba, huko shambani unaamkia nini?' Ng'ombe tuliuza. Shamba nimekodisha. Nikamwambia ninaamkia kuku."

"Lakini kuku wamekufa, Vernon."

"Kuna wanaokuja. Nimempa Arlys oda. Binti amesema sawa, nikiwa na kuku nibaki. Nisipokuwa nao, mwezi wa kumi anakuja na gari."

Alikwisha kupigilia mbao mpya chini ya banda, akaziba kila tundu kwa bati la makopo ya kahawa, akafunga taa ya joto. Kila asubuhi kwa wiki tatu alisimama kaunta akauliza, "Vipi, Twyla, wameshaanguliwa?" kana kwamba mimi ndiye ninayewaatamia.

Halafu katikati ya Aprili, watu wakiwa tayari wanaandaa mashine za kupandia mahindi, theluji ikaanguka tena. Barabara zikafungwa. Lori la posta likakwama siku nzima Fort Dodge, na vifaranga humo ndani. Nilijua watakuwa wamekufa wengi kuliko kawaida. Na nilijua watakufa wa nani.

Lori lilipofika saa kumi na moja alfajiri nilimpigia Arlys, kama sheria inavyotaka. Kisha nikafanya nisilowahi kufanya. Nikampigia Vernon.

Alifika wa kwanza, na ovaroli safi, boksi dogo tupu kwapani, thamosi ya maji ya uvuguvugu mkononi. LaVonne alimfundisha: kila kifaranga akifika, mchovye mdomo kwenye maji, ndipo ajue kunywa. Alisimama karibu na boksi la vifaranga akalisikiliza kwa sikio lake zima.

Arlys aliingia akikung'uta theluji juu ya sakafu yangu.

"Twyla! Mlangoni hapajafagiliwa. Mnataka nivunjike kiuno ndiyo mfurahi?" Ndipo akamwona Vernon. Uso ulimbadilika, ukarudi mahali pake upesi. "Vernon, baba! Umefuata nini na baridi hii? Ningekuletea mpaka mlangoni."

"Nilikuwa macho."

"Huo ni uzee. Twyla, nani kamwita?"

"Fungua boksi, Arlys," nikasema.

Tulilifungua. Hamsini walioagizwa na wawili wa nyongeza. Walikuwa wakilia kwa kelele ya kupasua masikio, wamerundikana upande mmoja, na upande wa pili wamelala tisa, bapa kwenye nyasi. Arlys aliwatoa akawapanga juu ya kaunta, mmoja mmoja. Akavaa miwani. Akatoa orodha yake akaipitia kwa kidole, akitikisa kichwa kwa masikitiko, na mimi nikamtazama usoni nikastaajabu. Hakuwa hata anaona haya. Alikuwa anafanya kazi yake.

"Oo, Vernon," akasema. "Pole sana, baba. Hawa ni wako."

"Wepi?"

"Hawa. Wanane. Na huyu mmoja wa mke wa mchungaji."

"Wangu wote wanane?"

"Wote. Mapenzi ya Mungu."

"Umejuaje ni wangu?"

"Kule kiwandani wanawapanga kwa kufuata orodha," Arlys akasema, bila kupepesa. "Wewe jina lako ni la mwisho, kwa hiyo uliwekwa kona ya mwisho. Na kona ya mwisho ndiyo inayopigwa na baridi. Muulize Twyla."

Kule kiwandani hakuna mtu anayejua kuwa Vernon Ubben amezaliwa. Wanajua jina moja tu, na hilo ni Eilers. Nilifungua mdomo niseme, nikaishia kuvuta fomu ya kiwanda na kuandika: tisa. Miaka ishirini na sita ya kunyamaza si kitu unachokivua mara moja.

"Mwakani nitakuagizia tena," Arlys akaendelea, tayari akipuliza mkia wa kifaranga wake wa kwanza. "Bure kabisa. Nitakulipia mwenyewe."

"Mwakani," Vernon akasema.

Aliwahesabu wale wanane kwa kidole. Kisha akaingiza mkono kwenye mfuko wa kifuani, akatoa kadi, moja ya zile za kuandikia mapishi, iliyofifia na yenye doa la siagi. Akanipa mimi.

"Twyla, nisomee. Miwani nimeiacha nyumbani. Nataka niwe na hakika sijakosea."

Niliisoma kwa sauti kubwa kwa sababu ya masikio yake. Ilikuwa mwandiko wa LaVonne, ule wa shule ya zamani, wa kulalia kulia. Nilisoma: "'Vifaranga. Tunahitaji sita. Agiza wanane. Wawili wa Arlys.'"

Nilikuwa nimeshamaliza kabla sijaelewa nilichosoma.

Arlys alibaki na kifaranga kwenye kiganja. "Huo ni mzaha wa nani?"

"Si mzaha," Vernon akasema. "Aliandika tangu tulipoanza kuagiza kwako. Alisema nikija kuagiza peke yangu nisisahau."

"LaVonne hakuwa mtu wa kusema watu!"

"Hakusema watu. Aliagiza tu wanane." Alizungumza taratibu, bila hasira, na hilo ndilo lililokuwa baya. "Mke wa Harms akitaka kumi anaagiza kumi na watatu. Mke wa mchungaji anaongeza mmoja. Mchungaji aliyepita alimwachia maagizo. Kila nyumba ina hesabu yako, Arlys. Hatukutaka kukuaibisha. Watu walisema, mwache, pengine anahitaji."

"Mimi?" akasema Arlys. "Mimi nahitaji?" Shingo yake ilikuwa nyekundu mpaka masikioni. "Nina mabanda mawili! Nina utepe wa bluu wa mshindi wa kwanza, maonyesho ya wilaya, miaka mitano!"

"Ndiyo. Tulikuwepo tukipiga makofi."

Hapo akafungua kifuniko cha thamosi, akakijaza maji, akakiweka juu ya kaunta. Mkono wake mkubwa ukaingia kwenye boksi upande wa wazima, mbele ya Arlys, ukatoka na kifaranga. Akamchovya mdomo, akasubiri mpaka ameze, akamtia kwenye boksi lake. Akachukua wa pili. Arlys alinyoosha mkono kumzuia.

"Hao ni wangu, Vernon. Nimeshawachagua!"

"Wawili ni desturi," Vernon akasema. "Wanane ni wizi."

Mkono wa Arlys ukarudi. Alisimama pale akitazama, na mimi nikisimama pale nikimtazama yeye, mpaka Vernon alipofikisha wanane. Hakuharakisha hata mmoja. Wote walikunywa.

Halafu akaingiza mkono kwenye boksi lake mwenyewe, akatoa wawili, akamwekea Arlys kwenye viganja. Ilibidi apokee, angewaachia wangeanguka.

"Hawa wako," akamwambia. "LaVonne alikuandikia."

Akachukua boksi lake la vifaranga sita, akaliingiza ndani ya koti, akanipungia kofia.

Nimemwona Arlys Eilers akichukua mali za watu katika kila jiko na kila ukumbi wa mji huu, na siku zote alijua pa kuziweka. Sasa alikuwa amesimama na vifaranga wawili wakimlilia mikononi, hajui awaweke wapi. Alisubiri mpaka mlango ukafungwa nyuma ya Vernon.

"Wote wanajua?" akaniuliza. "Kina Harms? Mchungaji? Wote?"

Nilitaka kumwonea huruma. Nilijitahidi, haikuja. Na aibu nyingine ilikuwa ikinitambaa mimi mwenyewe mgongoni, maana watu niliowadhania mabwege kwa miaka ishirini na sita walikuwa wakimlisha mwizi wao kwa kujua na kwa hiari, na mimi mwenye macho ndiye pekee niliyekuwa sijui.

"Wote," nikasema.

Aligeuka akatoka kwenye theluji na wale wawili, kichwa wazi, maboksi ya viatu yamebaki juu ya kaunta. Nilimwacha afike mpaka kwenye pikapu.

"Arlys!" nikamwita kutoka mlangoni. "Umesahau vifaranga wa watu."

Alirudi, akalibeba boksi, akaondoka bila kuniangalia.