Vimondo vya Ruiru Ambavyo Sikuviona

Kila Mei, kwa siku chache, dunia hupita katika vumbi lililoachwa na nyota yenye mkia, na vumbi hilo huwaka angani kabla ya kupambazuka likawa vimondo. Haya nilifundishwa na fundi saa mmoja wa Thika, Singasinga, aliyeiona nyota yenyewe akiwa mtoto huko kwao Punjab. Alikuwa amehesabu vimondo vyake miaka tisa bila kuruka hata mmoja, na alitaka kufikisha kumi kabla macho hayajamwishia. Lakini Mei ni mwezi wa mawingu, ndiyo maana alinihitaji nimhesabie kutoka Ruiru, Thika ikifunikwa. Nililinda pampu ya maji katika shamba la kahawa Ruiru, na miaka ile ya Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilipokataza watu kutoka usiku, pasi yangu iliniruhusu kuwa nje.

Alfajiri ya mwaka wa kumi niliegemea injini ya pampu nipate joto kidogo. Nilipozinduka jogoo walikuwa wakiwika na anga imeshakuwa nyeupe. Nikachukua karatasi nikaandika: thelathini na kimoja. Tena, kwa kuwa tayari nilijiona mwandishi, nikaongeza kwamba kimoja kilikuwa cha kijani, kikaacha moshi juu ya mibuni. Nilikipenda kile cha kijani.

Jumamosi nikampelekea.

“Huku mvua tupu!” alisema, akanishika mabega. “Ruiru imeniokoa, kijana!” Akamwambia mkewe alete chai, akafungua daftari, akaandika kwa wino. “Na hiki cha kijani, kilitoka upande gani?”

“Magharibi, Fundi. Vyote vilitoka magharibi.”

Kalamu ikasimama. Ni mara ngapi alikuwa amenionyesha, kwa kidole chenye mafuta ya saa, kwamba vimondo hivi hutawanyika kutoka mashariki, kule kule kunakopambazuka?

“Vyote?”

“Vyote,” nikasema, maana sikujua namna ya kurudi nyuma.

Alinitazama kama anavyotazama saa ambayo mteja anaapa haikuanguka. Kisha akaikata kwa mstari ile thelathini na kimoja, akaandika polepole chini yake: Thika, mawingu. Ruiru, hakuna aliyetazama.

 

Mkewe aliingia na vikombe, uso umemchangamka. “Haya, miaka imetimia kumi?”

“Tisa,” alijibu fundi, akanisogezea sukari.