Macho Mawili kwenye Mfarishi wa Koko

Mimi hasira zangu ziko karibu, tangu utoto. Waliponiambia kule Mahajanga kwamba mfarishi wa bibi yangu, kitandiko alichokishona kwa shanga, hautatundikwa, sikumsikiliza mtu hadi mwisho. Hilo ndilo lililoniponza.

Bibi, ambaye tulimwita koko kama familia nyingine zenye asili ya Ngazija, alikaa Dzamandzar, kisiwani Nosy Be huko Madagaska, jirani na kiwanda cha sukari. Miaka ile ya mwanzo ya uhuru mtoto wa jicho alikuwa amekwisha kumziba jicho moja, na la pili lilikuwa linaelekea hukohuko. Alishona kwa vidole. Mimi, msichana wa miaka kumi na sita, kazi yangu ilikuwa kumtilia uzi kwenye sindano, kumtajia rangi za shanga, na kutukanwa nikikosea.

Wanawake wa mtaani walimwomba ashone mfarishi wa kumuenzi mkuu wa nchi, utundikwe nyuma ya viti vya wageni atakapozuru Mahajanga. Koko alikubali kwa sharti moja: mtu atakuwemo, macho hayatakuwemo. Utotoni, chuoni alikosomea Kurani, alifundishwa kwamba mwenye kuchora kiumbe ataambiwa siku ya Kiyama akitie roho, naye hataweza. Kwake hayo hayakuwa maneno ya kutishia watoto. Aliogopa kwelikweli, na umri ule aliona siku yake haiko mbali. Basi akashona kofia, koti, na mkanda wa rangi za bendera, pembeni akaweka miwa na maua ya mlangilangi. Usoni akajaza shanga za kahawia tupu.

“Asiye na macho hanidai roho,” alisema, akaendelea na kazi.

Alikuwa na mtindo wake: kila baada ya shanga tatu, fundo. Mimi niliona ni kupoteza muda tu. Nani atageuza kitambaa ahesabu mafundo? Nilimwambia hivyo, akanifinya.

Ulipokwisha, nikaupeleka Mahajanga kwa meli, nikafikia kwa shangazi. Madamu mmoja wa kamati ya mapokezi aliukunjua juu ya meza, akauliza kwa Kifaransa uso uko wapi, kisha akarudia kwa Kimalagasi, akidhani sikusikia. Hakuwa mtu mbaya, niseme ukweli. Alieleza kwamba watu watasema tumemdhihaki mgeni, na kwamba bila macho mfarishi utarudi sandukuni. Zilikuwa zimebaki siku mbili. Mume wa shangazi alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani; ningemwomba tu, angekwenda kunizungumzia. Wapi! Mimi nilichosikia ni kwamba miezi mitano ya koko, na lile jicho lake moja lenyewe linalofifia, imekwenda bure.

Nilirudi kwa shangazi na hasira zangu. Nikakata bangili yangu ya shanga, nikachagua mbili nyeusi. Nikafumua kahawia mbili usoni, nikazitia nyeusi mahali pake. Chai niliyomiminiwa haikuwahi hata kupoa.

Ukatundikwa. Mkuu wa nchi aligeuka, akautazama, akatabasamu, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Nilikuwa nyuma kabisa na wanawake wenzangu, na nitasema ilivyokuwa: furaha ilitangulia. Aibu ilikuja baadaye, njiani kwenda nyumbani kwa shangazi, na haijaondoka.

Baada ya sherehe nilirudishiwa mfarishi. Katika meli ya kurudi nikayang'oa yale macho, nikarudisha shanga za kahawia, nikajiambia yamekwisha.

“Wameupokea hivyohivyo?” koko aliniuliza kabla sijakaa.

“Hivyohivyo, koko.”

Alicheka hadi akashika mbavu. Akamwita jirani amweleze kuwa serikali nzima imekaa mbele ya mtu asiye na macho na hakuna aliyedhurika. Nikataka ardhi inimeze. Kisha akaniambia nimtandazie mfarishi kitandani. Vidole vyake vilianzia kwenye miwa, vikapanda kotini, vikafika usoni. Vikasimama. Vikarudia. Hapo nikajua nimekwisha: mahali pawili, palepale panapokaa macho, palikuwa palegevu. Sikuwa nimepiga mafundo.

Hakunitukana. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, nami nikanyimwa hata hilo. Aliomba sindano na uzi wa kahawia. Nikamtilia. Akafumua mahali pangu pawili, akashona upya, na mafundo yake, akaukata uzi kwa meno. Kisha akasema kwa Kingazija, maana Kimalagasi alikiweka kwa ajili ya sokoni:

“Sasa mfarishi wote ni mkono wangu. Siku ya kuulizwa, nitaulizwa mimi. Wewe ulikuwa unatia uzi tu.”

Nikasema hapana, koko, ni mimi. Akaniambia nikunje kitambaa nikaangalie wali.

Hakulitaja jambo hilo tena mpaka alipofariki. Mfarishi ninao, na sasa mtoto wa jicho amenifikia na mimi. Siku nyingine napapasa ule uso. Mafundo yote yanafanana, huwezi kujua ni wapi palipofumuliwa. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Kwa hiyo naandika, na sitaki kubembelezwa: yale macho niliyatia mimi, naye wakati huo hakujua. Aulizwe aliyeyatia.