Plasta ya Kaka Yangu

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto, mama alikwenda kwenye ukuta wa bustani akaugonga kwa vifundo vya vidole. Ukuta ulimjibu kwa mlio wa debe tupu. Akishausikia, alirudi jikoni, siku yake ikaanza.

Ulikuwa ukuta wa matofali mabichi, kimo chake kifuani mwa mtu mzima. Ulizunguka bustani yetu ya mchicha, bamia na migomba michache, kando ya Mto Tana, si mbali na Garsen. Bila ukuta ule tusingevuna hata jani moja, maana mbuzi wa wafugaji walipita hapo kila siku wakishuka mtoni kunywa maji. Matofali yalikuwa yetu sote, udongo wake tuliukanyaga kwa miguu yetu. Lakini plasta ya simiti iliyoyafunika ilikuwa ya kaka yangu, na kaka yangu alikuwa amekufa.

Aliipiga mwaka wa tisini na saba, kabla mvua za Elinino hazijaanza. Alikuwa ametoka chuo cha ufundi, ana mwiko mpya wa uashi ambao aliufunga kwa kitambaa kila jioni kama mtu anayelaza mtoto. Alitaka mama awe na ukuta kama wa nyumba za maofisa kule mjini. Alifanya kazi peke yake, sisi tukiwa shambani tunafukuza ndege kwenye mpunga. Tuliporudi, ukuta ulikuwa wa kijivu, laini, bado unatoa harufu ya maji. Ulipokauka, mama aliugonga.

"Mbona unalia kama debe?"

"Mama, hiyo ni simiti. Haigongwigongwi kama nazi."

"Pupa, mwanangu. Umepaka kama mtu anayekimbizwa na kiboko!"

Baba alicheka, na mimi nikacheka. Kaka yangu aliuchukua mwiko wake akaenda kuuosha, ingawa ulikuwa umeshaoshwa.

Siku hizo hakuna aliyetuambia kwamba simiti na tofali bichi haviishi pamoja. Udongo hunywa maji ukavimba, jua likiwaka hunywea. Simiti haijui kuvimba wala kunywea. Watu wengi wa mtoni walifanya kosa lile lile. Aliyepata mfuko mmoja wa simiti aliuvisha ukuta wake, kama mtu anavyomvisha mtoto nguo ya sikukuu.

Kisha mvua ikaja, ikakataa kwenda. Tana ulitoka kitandani mwake, ukameza mpunga, ukameza njia, ukatuacha juu ya kilima chetu kidogo na maji pande zote. Kaka yangu akashikwa na homa. Baba alimlaza ndani ya mtumbwi akapiga kafi kuelekea Garsen. Mtumbwi ulikuwa mwembamba, haukuwa na nafasi ya mtu wa tatu. Mama alibaki ukingoni, ameshika blanketi walilolisahau, akaita jina la kaka yangu mpaka mtumbwi ukageuka doa.

Alifia zahanati. Hakukuwa na namna ya kumrudisha, wala kwetu hakukuwa na mahali pakavu pa kumlaza. Walimzika upande wa Minjila, palipoinuka, pamoja na wengine waliokufa siku zile. Baba alirudi na ndara za kaka yangu tu.

"Nani alimtupia udongo?" mama aliuliza.

"Mimi. Na wanaume wawili waliokuja kumzika mtu wao."

"Na mimi?"

Baba aliziweka ndara chini, moja kando ya nyingine, zikitazama mlangoni.

Kwetu mfiwa hutupa konzi ya udongo kaburini, ndipo moyo hukubali yale ambayo macho yameona. Mama hakuona, wala hakutupa. Maji yalipopungua, tulitembea watatu hadi Minjila. Malundo yalikuwa yamesambaa, vijiti vya misalaba vimechukuliwa na maji. Baba alionyesha lundo moja. Akasita, akaonyesha jingine. Halafu akachuchumaa akafunika uso. Mama aligeuka, akatembea njia yote hadi nyumbani bila kunywa maji, akaenda moja kwa moja ukutani, akagonga.

Hapo ndipo ilipoanza desturi yake ya asubuhi.

Wakati huo plasta ilikuwa imevimba kama tumbo. Maji ya mvua yaliingia kwa juu, yakakosa pa kutokea, na matofali nyuma yake yalikuwa yakigeuka uji. Pembe moja ilikuwa imeshaporomoka na mbuzi wameanza kuingia. Shamba la mpunga lilifunikwa na mchanga, kwa hiyo bustani ile ndiyo iliyotulisha. Masika yakija yakaukuta ukuta katika hali ile, ungelala chini wote. Kila mtu alijua kwamba plasta lazima itolewe. Mama alijua kuliko sisi. Tangu utoto wake alikuwa amekandika nyumba za watu.

Siku moja baba alichukua jembe. Mama akasimama mbele ya ukuta, mgongo wake umegusa simiti.

"Anza na mimi."

Baba alirudisha jembe mahali pake na hakulizungumzia tena. Mama akatafuta fito na kamba, akaiegemeza plasta ili isianguke.

Mama alikuwa na rafiki, mwanamke wa Kiorma aliyetuletea maziwa na kurudi na ndizi. Waliitana dada tangu ujana wao, yeye akisema Kiswahili chake cha kuokoteza. Mafuriko yalikuwa yamemwachia ng'ombe wachache sana. Asubuhi moja alikuja bila kibuyu, ana gunia kichwani.

"Dada, umeniletea nini?"

"Samadi. Ng'ombe imebaki kidogo, lakini nakunya kama ile mingi."

Mama alicheka. Nilikuwa nimesahau sauti ya kicheko chake.

"Wewe Mpokomo napenda tope kama kambare," mgeni akaendelea. "Leo tope naogopa?"

"Siogopi tope. Hii ni kazi ya mtoto wangu."

Yule mwanamke aliweka gunia chini. Aligusa plasta kwa kiganja, akakitazama, kilikuwa kimelowa.

"Ng'ombe yangu ikifiwa na ndama, natoa ngozi ya ndama, natia nyasi, naweka mbele yake. Nalamba, maziwa natoka. Wewe najua."

"Najua."

"Lakini ngozi naoza, dada. Siku moja lazima natoa."

"Mimi si ng'ombe."

"Hapana. Ng'ombe nasahau."

Kisha mama akafungua kamba. Akatoa ufito mmoja, na mwingine. Aliingiza vidole kwenye ufa wa juu, akavuta. Kipande kikubwa kama mlango kilishuka polepole, kikavunjikia miguuni pake.

Nilidhani atapiga ukwenzi. Badala yake aliinama, akasogeza uso karibu na matofali. Yalikuwa yamejaa chale. Mikato midogo ya mshazari, safu chini ya safu, kama mvua iliyochongwa kwenye udongo. Chuoni walikuwa wamemfundisha hivyo: chanja ukuta wote kwanza, plasta ipate pa kushika. Tuliendelea kubandua, na kila tulipobandua tulizikuta. Zilifika mpaka nyuma ya migomba, mahali ambapo hakuna mtu angetazama. Alifanya kila alichofundishwa. Tatizo ni kwamba alifundishwa kwenye kuta za mawe.

Mama alipitisha kidole ndani ya chale moja, akahamia ya pili.

"Nilimwambia ana pupa," alisema. Hakuwa akisema na sisi. "Hakuwa na pupa."

Tulichanganya udongo, samadi na mabua ya mpunga yaliyokatwakatwa, tukakanyaga mpaka tope likawa na unene wake. Mama alichota konzi ya kwanza. Alisimama nayo muda mrefu, maji yakimchuruzika hadi kiwiko. Kisha akalitamka jina la kaka yangu, jina ambalo hakuwa amelitamka tangu mtumbwi ulipoondoka, akatupa. Tope likaingia kwenye chale likashika. Akachota tena, akataja jina tena. Nilinyoosha mkono nimsaidie, yule mwanamke akanishika.

"Acha kwanza."

Tukaacha. Alipofika nyuma ya migomba sauti ilikuwa imekauka, na hapo ndipo alipotuachia nafasi ya kukandika pamoja naye.

Masika yalikuja, ukuta ukasimama. Mbuzi walipita nje wakinusa mchicha. Asubuhi moja, mvua ikiwa imepumzika, nilimwona mama akienda ukutani kama alivyozoea, na kanga kichwani. Aligonga. Udongo haukulia kama debe. Akasogea kidogo, akagonga tena. Akaweka sikio kwenye udongo, akabaki hivyo.

Nilimngoja jikoni na kuni mkononi. Mwishowe niliwasha moto mwenyewe.