Shimo la Maji ya Mkaratusi

Nilivumilia mpaka yule meneja wa kiwanda alipocheka. Mtoto wangu amelegea begani kama nguo mbichi, ananuka chang'aa, na meneja ananiambia, "Mama, huyo amelewa tu. Mpeleke akalale."

Nilimrushia kiatu. Kilimpata shingoni.

Miaka hiyo ya themanini kiwanda chao kidogo cha majaribio kilikuwa kando ya ziwa, nje ya Kisumu. Walipika vipande vya mkaratusi ndani ya spiriti ya miwa. Mume wangu, aliyefanya kazi kwenye tangi, alinieleza: mti ni nyuzi zilizoshikwa na gundi. Spiriti ya moto inayeyusha gundi, nyuzi zinabaki za karatasi. Barazani walituambia viwanda vingine vinatumia dawa za kunuka mayai mabovu, lakini hii yao ni safi, inatoka shambani. Tukapiga makofi, wajinga sisi.

Yale maji meusi yaliyobaki waliyamwaga shimoni, wakayaongezea maji ya ziwa. Gundi ikashuka chini kama tope, juu yakabaki maji maangavu. Spiriti walidai wameshaitoa yote.

Sasa, sisi watu wa ziwa tunachota maji yakiwa na udongo, tunayaacha nyunguni yatulie, tunakunywa ya juu. Mama mkwe wangu akaona shimo limetulia kuliko nyungu yake. Akachota. Yalikuwa makali kidogo, akakoroga sukari, akamnywesha mjukuu.

"Yalikuwa yametulia, mama," alinililia. "Yalikuwa yametulia kabisa."

Sikumgombeza. Angejuaje?

Hospitalini daktari alisema mtoto anaweza kuamka, lakini hajui ataamka vipi. Mume wangu akanivuta kando.

"Ukipeleka maneno ofisini nitafutwa kazi."

"Basi ufutwe."

Kwenye ofisi ya afya karani alitaka niandike "ajali". Nikamwambia, bwana, kalamu ni yangu. Nikaandika hivi:

"Kwa Ofisa wa Afya. Ninalalamika rasmi kuhusu shimo la kiwanda cha mkaratusi. Halina ua, halina mlinzi, halina hata kibao cha kuonya. Maji yake yamemlaza mtoto wangu wodini na mpaka sasa hanijui. Kiwanda kilituambia dawa yake ni safi, hakikutuambia tusinywe. Naomba shimo lifungwe leo, si baada ya mikutano yenu, kwa sababu ninapoandika haya watoto wa jirani wanacheza ukingoni mwake."