Nilimfundisha mwanangu sayansi nyumbani, shemegi yangu akawa mwekundu wiki ya harusi yake

Wakuu, salaam.

Haya yamenikuta mwenyewe, hapa hapa Unguja. Mke wangu yumo humu jukwaani kwa jina jingine, kwa hiyo nikitia chumvi ataniumbua mbele yenu.

Mimi nafanya kazi hotelini Kendwa. Masika yakianza wageni hupungua, tunapewa likizo. Mara hii likizo iliangukia wiki ya harusi ya shemegi yangu Rahma, mdogo wake mke wangu. Tukahamia sote kwa mama mkwe, Mji Mkongwe.

Binti yangu Samira yuko darasa la tano. Skuli zimefungwa, nyumba imejaa kina mama, yeye kutwa na simu. Mke wangu akanambia, "Wewe huna kazi. Mfundishe mtoto japo kitu."

Nikaingia mtandaoni kutafuta majaribio ya sayansi ya kufanya na watoto nyumbani.

La mwanzo tulichanganya siki na baking powder ndani ya chupa, nikaziba. Kizibo kikaruka kikapiga dari, chokaa ikatumwagikia sote wawili. Samira alicheka mpaka akakaa chini. Simu akaisahau kabisa.

La pili ndilo lililonitia matatani.

Unachukua manjano ya unga, hii hii ya kupikia, unaikoroga na maji na kupaka kwenye karatasi nyeupe. Ikikauka, dondoshea maji ya sabuni ya mche. Wakuu, inageuka nyekundu pale pale! Dondoshea siki au ndimu, inarudi rangi yake. Sabuni ni besi, siki ni asidi, na manjano inakuonesha ipi ni ipi. (Jaribuni leo, msiniamini bure.)

Samira akatoa macho. "Baba, manjano zote zinafanya hivi?"

Nikamjibu kwa sauti ya kiprofesa: "Mwanasayansi haulizi. Anapima."

Akajaza maji ya sabuni kwenye kichupa kitupu cha marashi, kile cha kupulizia, akapanda juu. Mimi nikatoka zangu barazani kunywa kahawa, kifua mbele.

Sasa, kwa msiojua mila zetu: bibi harusi kabla ya ndoa huwekwa ndani akasingwa. Anapakwa singo mwili mzima, mchanganyiko wa liwa, maua, karafuu na, naam, manjano. Anaachwa ikauke, halafu anasuguliwa ngozi inang'ara. Msimamizi ni somo, mwanamke mtu mzima anayeijua kazi hiyo. Wetu ni Bi Mwanaisha, na sharti lake la kwanza ni kuwa singo na sabuni havikutani.

Rahma alikuwa kasinzia kwenye mkeka, singo inakauka. Mwanasayansi wangu akaingia taratibu. Akapima mguu wa kulia. Akapima wa kushoto. Kisha, kwa uhakika zaidi, akapima shavu.

Mimi nilisikia ukelele tu.

Nikapanda ngazi mbio mpaka mlango wa chumba, nikasimama hapo. Mwanamme haingii humo. Ndani kumechafuka.

"Bi Mwanaisha, singo yako imemuunguza mwanangu!" Huyo mama mkwe.

"Miaka yote nasinga, hajaungua mtu!" Huyo Bi Mwanaisha, sauti inatetemeka kwa hasira.

Mmoja anasema aleji, apelekwe hospitali. Mwengine kashaanza kusoma dua. Na wakati huo huo simu ya mke wangu inalia: mashangazi wa bwana harusi wameshafika Darajani, sokoni hapo karibu, wanaleta sanduku la nguo. Wakimkuta bibi harusi na shavu jekundu, habari itafika kwa bwana harusi kabla wao hawajarudi.

Nikapiga kelele mlangoni. "Mama! Si ugonjwa huo! Ni sayansi!"

"Sayansi gani," mama mkwe akauliza, "imempanda mwanangu mpaka shavuni?"

Hapo nikasikia sauti ya Samira, ndogo, karibu kulia. "Bibi, msimgombeze Bi Mwanaisha. Ni mimi. Nimempulizia Mama Mdogo maji ya sabuni."

Wakuu, pale nilimuonea fahari na aibu kwa pamoja.

"Mkamulieni ndimu!" nikasema.

"Ndimu zote zishatiwa achari!" mke wangu akajibu.

"Basi siki! Kwa kitambaa! Isimuingie machoni!"

Yaliyofuata kanisimulia mke wangu. Samira alikataa Rahma aguswe kwanza. Akajipaka singo mkononi mwake, akapulizia, ikawa nyekundu. Akapitisha kitambaa cha siki, ikarudi manjano. Bi Mwanaisha akamshika mkono.

"Hebu fanya tena."

Akafanya.

"Tena."

Wanawake wote wakamzunguka mtoto, hadi Rahma akakaa kitako kwenye mkeka, machozi yanamtoka. "Jamani, na mimi nnasubiri!"

Hapo ndipo kicheko kilipopasuka.

Rahma akafutwa, wekundu ukaondoka. Kilichobaki ni harufu ya siki.

Hodi. Mashangazi wakakaribishwa juu, salamu zikapigwa, wakakaa. Yule mkubwa wao akavuta pumzi. "Mashaallah. Mnatengeneza kachumbari?"

Mama mkwe hakutikisika. "Naam. Tunakusubirini nyinyi tule."

Hakukuwa na chochote kilichoiva jikoni. Nikatumwa Darajani mbio, mvua inanyesha, nikarudi na kuku, nyanya, vitunguu na siki nyengine. Sikulalamika.

Ndoa ilifungwa salama, na Rahma aling'ara. Baada ya shughuli mama mkwe akaniita. Nikaenda nimeinamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Samira ana akili, usimzuie. Lakini mtoto akikuuliza swali, mjibu!"

Ndilo funzo langu, wakuu. Maabara si lazima, jikoni pana vya kutosha, na mtoto aliyegusa kwa mkono wake hasahau. Ila mfundisheni pia kuwa mtu hapimwi bila kuombwa ruhusa. Mimi niliruka hapo.

Wenye watoto wa skuli za msingi, wekeni majaribio yenu hapa chini. Samira sasa anataka kujua mkate unaotaje ukungu, na keshachagua kabati la bibi yake. Fanyeni haraka, mimi bado naipenda ndoa yangu.