Kunde za Stoo

Mjukuu wangu anasomea udaktari, lakini si wa sindano. Ukimpelekea homa atakupa pole tu. Anasoma namna mimea inavyouona mwanga. Nami niliyeishia darasa la tatu nimeelewa, maana alinieleza bila kuchoka.

Ila kabla sijaelewa, nilimharibia kazi.

Ilikuwa Jumatano. Nilitoka kwangu Masaki, ile ya mashamba si ya matajiri wa mjini, nikaenda Kibaha kwa binti yangu, mama yake. Nimefika asubuhi, nyumba tupu. Nikaenda stoo kutafuta ufagio, nikakuta mlango umezibwa kwa blanketi jeusi juu mpaka chini. Nikalivuta. Ndani kuna trei za kunde, mbegu nilizompa kwa mkono wangu, zimerefuka kama nyuzi, manjano kama macho ya mgonjwa wa ini. Nikasema, msomi gani huyu anayefungia kunde stoo! Nikazitoa zote uani, nikazimwagilia. Mpaka adhuhuri zilishaanza ukijani. Nikajisifu.

Mjukuu akaja, akasimama uani na mkoba begani.

"Shikamoo bibi. Nani amezitoa?"

"Marahaba. Mimi, mke mwenzio. Ulikuwa unaziua."

Hakupiga kelele. Bora angepiga. Alikaa chini, pale pale kwenye mchanga.

"Bibi, Jumatatu ni zamu yangu ya mashine chuoni. Ikinipita, nangoja mpaka mwakani. Na mbegu zimekwisha."

Ndipo akanieleza. Mmea una protini inayopokea mwanga. Gizani protini hiyo inajaa. Mche ukipata jua, inabadilika umbo, inauambia mche uache kurefuka, utoe majani, kisha yenyewe inapungua upesi. Yeye anataka kuitoa ikiwa tele, aone kwa ile mashine ilivyokunjamana. Akachukua kanga yangu, akaikunjakunja mkononi, akaifungua kidogo upande mmoja. "Hivi, bibi. Mwanga ukiigusa, inajigeuza." Walimu wangu wangefundisha hivyo, nisingetoroka shule.

"Wewe mzee una wivu," akaniambia, anacheka na machozi bado yapo. "Umeona nakupita kwa mume wetu."

"Mume wetu yuko kaburini, hana haja na kunde. Niitie bodaboda."

Masaki nilikuwa na chupa moja ya mbegu iliyochanganywa na majivu, niliyoiweka nipande vuli. Nikarudi nayo Kibaha jioni ile ile, tukaziloweka zote, sikubakiza hata punje.

Toka hapo mpaka Jumatatu, mkeka wangu ulikuwa mbele ya stoo. Binti yangu akitaka sufuria iliyo ndani, namwambia, "Kapikie kwa jirani." Mjukuu aliingia peke yake, na taa ndogo ya kijani, hafifu, ambayo miche haiitambui sana. Siku moja akaniruhusu nichungulie. Anaigusa miche kwa ncha za vidole kama anayeosha kichanga. Nimelima maisha yangu yote, sijawahi kugusa mmea hivyo. Nikaona haya kidogo.

Jumatatu akaondoka na boksi lililozibwa kwa gundi pande zote. Sikula mchana. Jioni simu ikalia.

"Mke mwenzangu! Imepatikana, tena tele!"

Vuli ile nilipanda kunde za kuomba, ngumu, zinamaliza kuni. Wenzangu shambani wakaniuliza ile mbegu yangu nzuri iko wapi.

Nikawaambia iko chuoni, inasoma na mjukuu wangu.